MAMBO YA BARABARANI: Gari Lipimwe Lini, na Lipimwe Wapi

Watu husema ya kwamba ajali haina kinga. Msemo huu umeandikwa hata nyuma ya magari mengi ya abiria, na wengi hutoa faraja ndani yake. Lakini mwenye gari akiutegemea sana hujidanganya. Ziko ajali zisizo na kinga, ndiyo. Lakini ziko nyingine ambazo kinga yake ni lainingi mpya ya breki, au tairi lenye meno, au taa ya nyuma iwakayo. Ajali za namna hii hazikuja kwa ghafula. Zilianza zamani, chini ya gari, mahali ambapo mwenyewe hapaoni na dereva hapatazami.

Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya yataka magari ya kazi yapimwe kila mwaka. Hata hivyo wako wakulima na makarani wengi ambao wanajua tarehe ya kulipa karo ya watoto wao na tarehe ya kupanda mahindi, lakini hawajui gari lao lapaswa kupimwa siku gani, wala wapi, wala ni nini kitakachotazamwa. Siku polisi anapowasimamisha barabarani ndipo wanapoanza kutafuta. Yafaa basi mambo haya yaelezwe kwa taratibu.

SHERIA ILIVYO

Sheria ya magari inayotumika Kenya ilianza kazi tarehe 1 Januari 1954, nayo imerekebishwa mara nyingi tangu siku hiyo. Kwa muda wa miaka mingi wakaguzi wa magari walikuwa chini ya polisi. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ambayo watu huiita NTSA, na kazi ya kukagua magari ikaingia katika mikono yake.

Magari yanayopaswa kupimwa kila mwaka ni haya. Kwanza ni magari ya abiria: matatu, mabasi, teksi, na mabasi ya kuchukua watoto wa shule. Gari la abiria lisilo na cheti cha ukaguzi haliwezi kupata leseni ya kufanya kazi hiyo barabarani. Pili ni magari ya mizigo: malori, matrela na pikapu.

Hapo kwenye pikapu ndipo wakulima wengi wanapojikwaa. Mtu husema, "Pikapu hii si ya biashara, ni yangu mwenyewe, nachukulia viazi vyangu na mbolea yangu." Lakini sheria haiulizi viazi ni vya nani. Gari lililoandikishwa kuwa la mizigo ni gari la mizigo, hata likiwa halijapata kumchukulia jirani gunia moja. Mwenye pikapu na atazame logibuku yake, asome gari limeandikwa kuwa la namna gani, na asiyatie mambo hayo katika mashaka.

Kuhusu magari ya binafsi, mwaka 2025 Serikali ilitoa mapendekezo ya kanuni mpya, na ndani yake yalitajwa magari yaliyozidi umri wa miaka minne tangu yalipotengenezwa. Karani mwenye gari dogo la kwendea kazini afanya vema kuuliza katika kituo cha ukaguzi ni kanuni ipi inayomhusu, kabla ya kuamini maneno ya barazani. Na hata kama sheria haimlazimishi, breki zake huchakaa kama breki za lori.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Uingereza magari madogo yalianza kupimwa kwa lazima mwezi Septemba 1960, nayo yalikuwa yale tu yaliyotimiza miaka 10. Baada ya muda mfupi Serikali ya huko iliona ya kuwa miaka 10 ni mingi mno, ikaishusha hadi 7, na mwaka 1967 ikaishusha hadi 3. Walijifunza ya kwamba gari huharibika kimya kimya, tena mapema kuliko mwenyewe anavyodhani. Funzo hilo lina maana kubwa kwa Kenya, kwa sababu magari mengi yaingiayo nchini hapa yamekwisha kutumika ng'ambo. Sheria yaruhusu gari lisilozidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo mtu anaposema, "Gari langu ni jipya, nimelinunua mwaka jana," pengine gari hilo limekwisha kwenda mbali sana kabla ya kuguswa na mkono wake.

LINI

Cheti cha ukaguzi kina tarehe ya mwisho wake. Mwenye gari asingoje tarehe hiyo ifike. Na ahesabu mwezi mmoja kurudi nyuma, na siku hiyo aiandike katika kalenda iliyo ukutani, mahali ambapo mkewe na dereva wake pia wataiona. Mwezi huo una kazi tatu: juma la kwanza ni la fundi kulitazama gari, majuma mawili yafuatayo ni ya kununua vipuri na kutengeneza, na juma la mwisho ni la kwenda kituoni. Afanyaye hivyo, hata gari likikataliwa mara ya kwanza, angali na siku za kulitengeneza na kulirudisha kabla cheti cha zamani hakijaisha.

Tena mkulima na atazame majira yake. Mwenye kuuza viazi au kabichi asiache cheti kiishe wakati wa mavuno, kwa maana siku moja ya gari kuzuiwa njiani yaweza kuozesha mzigo mzima. Ikiwa tarehe inaangukia wakati huo, na alitangulize gari kupimwa mapema. Vivyo hivyo wenye mabasi ya shule. Likizo ndiyo saa yao, si juma la kufungua shule ambapo kila mmoja amekumbuka kwa pamoja.

Mbali na ukaguzi wa kila mwaka, ziko nyakati nyingine ambazo gari hutakiwa kukaguliwa: likibadilishwa rangi, likibadilishwa injini, au likibadilishwa umbo la bodi, kama lori kufanywa basi. Gari lililopata ajali mbaya nalo lapaswa kutazamwa kabla ya kurudishwa barabarani.

WAPI

Vituo vya NTSA viko katika sehemu nyingi za nchi. Kilicho Nairobi kiko Barabara ya Likoni, katika eneo la viwanda. Kilicho Mombasa kiko Miritini. Vingine viko Thika, Nyeri, Embu, Meru, Machakos, Nakuru, Eldoret, Kitale, Kakamega, Kisumu, Kericho na Voi. Mwenye gari halazimiki kwenda Nairobi kwa sababu gari lake liliandikishwa Nairobi. Na achague kituo kilicho karibu naye, apunguze safari na mafuta.

Lakini asiende tu na kupanga mstari mlangoni. Nafasi huombwa kwanza kwa njia ya e-Citizen. Mwenye gari huingia katika jina lake mwenyewe, huchagua gari, kituo, siku na saa, kisha hulipa ada humo humo. Asiye na kompyuta wala simu ya kufaa aweza kwenda katika Kituo cha Huduma, au kumwomba kijana wake anayejua kazi hiyo. Akisha kulipa, na apige chapa karatasi ya miadi, aichukue pamoja na nakala ya logibuku na kitambulisho chake.

Hapa pana onyo. Ada ya Serikali hulipwa kwa Serikali. Mtu asimamaye nje ya lango akiwaambia watu, "Lete fedha, gari lako litapita bila kuingia ndani," hauzi ukaguzi, anauza karatasi. Karatasi haishiki gurudumu. Na siku ya hesabu, mwenye gari ndiye atakayeulizwa, wala si yule wa langoni ambaye hata jina lake halijulikani.

NI NINI KINACHOTAZAMWA

Mkaguzi huanza na gari lenyewe: je, ni hili lililoandikwa? Nambari ya chasisi, nambari ya injini, rangi na umbo, vyote sharti vilingane na logibuku. Nambari iliyofunikwa na kutu au matope humchelewesha kila mtu. Basi na isafishwe nyumbani.

Kisha huja breki, nazo ndizo kubwa kuliko yote. Kituoni gari hupandishwa juu ya mashine yenye magurudumu ya chuma ambayo huyazungusha magurudumu ya gari. Dereva akikanyaga breki, mashine huonyesha nguvu ya kila upande. Haitoshi gari kusimama. Yafaa kushoto na kulia zishike sawasawa. Breki ikishika upande mmoja kuliko mwingine, gari huvutwa upande huo, na katika barabara yenye mvua huweza kugeuka likatazama lilikotoka. Breki ya mkono nayo hupimwa peke yake.

Wengi hushangaa kusikia ya kwamba breki zilizoshika vizuri kijijini zaweza kukosa kabisa katika mteremko. Sababu yake si uchawi. Breki hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua huleta joto. Katika mteremko mrefu, gari likiwa limejaa mzigo, dereva akikanyaga breki bila kuachia, joto huzidi mpaka lainingi hupoteza nguvu ya kushika. Tena mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Yakipata joto kali, maji yaliyomo huchemka na kuwa mvuke, na kanyagio huzama hadi chini kama lililokanyaga pamba. Kwa hiyo mafundi wengi hushauri mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Na dereva mwenye akili huingiza gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, akaiacha injini ilizuie gari, na breki akazitunza kwa wakati wa haja.

Baada ya breki hutazamwa usukani na viungo vyake vya chini. Fundi hulishika gurudumu lililoinuliwa kwa jeki akalitikisa. Likicheza, kiungo kimechakaa. Kiungo kikikatika njiani, usukani hubaki mkononi mwa dereva, lakini gurudumu hufuata njia yake lenyewe.

Matairi hayatakiwi kuwa na kipara, wala mipasuko ya ubavuni, wala waya kuonekana. Tairi lililolika upande mmoja ni shahidi wa kosa jingine, mara nyingi magurudumu ya mbele kutosimama sawa. Meno ya tairi kazi yake ni kutoa maji. Yakiisha, gari huelea juu ya maji, na breki nzuri hazina tena cha kushika.

Mataa yote hujaribiwa: ya mbele, ya nyuma, ya breki, na indiketa. Taa za mbele zisielekee juu zikampofusha ajaye. Lori lisilo na taa za nyuma, wala vibao vya kurudisha mwanga, likiharibika usiku katikati ya njia, huwa ukuta usioonekana. Gari sharti liwe na pembetatu mbili za kuonya. Vioo, waipa, honi, milango, mikanda ya viti na moshi wa injini navyo havisahauliki. Magari ya abiria yana masharti zaidi, ambayo wengi huyaita kanuni za Michuki, kwa jina la John Michuki aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi zilipoanza kutumika mwaka 2004: kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, na mstari wa manjano ubavuni. Malori makubwa nayo hutakiwa kuwa na kidhibiti mwendo hicho.

MATAIRI YA KUAZIMA

Iko desturi moja mbaya ambayo yapasa isemwe wazi. Uchukuliwe mfano wa mkulima wa Kinangop mwenye pikapu, ambaye kila juma hupeleka viazi Naivasha. Cheti chake chakaribia kuisha. Matairi mawili ya nyuma yamekuwa kipara. Jirani yake ana gari la namna ile ile, lenye matairi mazuri. Mkulima afikiri hivi: atayaazima kwa siku moja, aende Nakuru, apite, kisha ayarudishe.

Mpwa wake ni karani mjini, naye amekuja nyumbani mwisho wa juma. Amwona mjomba wake akizungusha spana uwanjani, auliza kuna nini. Mzee amweleza bila kuficha, kwa maana haoni aibu. Wengi hufanya hivyo.

"Mjomba," asema mpwa, "nikusamehe kwa kukuuliza. Matairi haya yatarudi lini kwa mwenyewe?"

"Jumatatu jioni."

"Na viazi vitakwenda lini?"

"Jumanne alfajiri, kama siku zote. Na wewe utarudi kazini kwa gari hilo hilo, pamoja na binti yangu aendaye shuleni."

Kijana anyamaza kidogo, kisha asema kwa heshima, "Basi, Mjomba, mkaguzi ataona matairi mema, nasi tutateremka na mabaya. Yeye hatakuwamo ndani ya gari."

Mkulima hana jibu la kumpa. Bei ya matairi mawili si ndogo. Huenda ni fedha za mbolea ya msimu mzima. Hilo ni kweli, wala haifai kulidharau. Lakini hesabu sharti ifanywe mpaka mwisho. Kwa upande mmoja ziko fedha za matairi. Kwa upande mwingine uko mzigo wa viazi, na gari lenyewe, na gharama za hospitali, na kesi, na mtoto aliyekaa mbele akiwa na vitabu vyake magotini. Mkulima anayejua kupima magunia aweza kupima na hayo. Akikosa fedha kwa mara moja, heri anunue tairi moja mwezi huu na jingine mwezi ujao, na katikati apunguze mzigo na safari. Ndiyo sababu ile ya kuanza mapema.

Mambo haya si vitisho vya kutungwa. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawapiga watu na magari yaliyokuwa kando. Watu zaidi ya 50 walikufa, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliokuwa wakingoja magari. Katika kila mmoja wa miaka 2022, 2023 na 2024, watu zaidi ya 4,000 waliuawa katika barabara za Kenya. Si wote waliouawa na ubovu wa magari. Mwendo wa kasi, ulevi na usingizi vina sehemu yao kubwa. Lakini dereva mwangalifu aliye katika gari bovu ni sawa na baharia hodari aliye katika chombo kinachovuja.

GARI LIKIKATALIWA

Gari kukataliwa si hukumu wala si fedheha. Mkaguzi hutaja makosa aliyoyaona. Mwenye gari na aipeleke orodha hiyo kwa fundi kama ilivyo, wala asiruhusu fundi kutengeneza jambo moja na kuacha matatu. Kisha huomba nafasi tena. Ikiwa kosa ni la breki au usukani, gari lisitumiwe kwa kazi mpaka litengenezwe. Kulipakia viazi safari moja ya mwisho ndiko kutafuta safari ya mwisho kweli.

Gari likipita, cheti kitunzwe mahali pakavu, na nakala yake iwe ndani ya gari. Lakini yafaa ikumbukwe ya kwamba cheti husema gari lilikuwaje siku ile moja. Siku nyingine 364 mkaguzi ni mwenye gari mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kuondoka, na azunguke gari mara moja: atazame matairi, awashe mataa, akanyage breki, aone kama pana mafuta yaliyodondoka chini. Kazi hii haizidi dakika tano, wala haina ada.

Mwenye shamba hangoji mto ufurike ndipo achimbe mitaro. Huichimba jua lingali kali. Na mwenye gari afanye vivyo hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa barabarani hujengwa kwa fedha nyingi, na pengine kwa kitu kisichonunuliwa kwa fedha.